Ukoko wa chokaa: kulainisha maji na kuzuia ukoko ni mambo mawili

Chungulia ndani ya birika la umeme lililochemsha maji ya Ziwa Tanganyika kwa miezi kadhaa bila kusafishwa. Kwenye koili utaona utando mweupe, mkavu, unaokwaruza ukiupitishia ukucha. Wengi huuita chumvi, wengine magadi. Wauza vifaa hutumia jina la Kiingereza, limescale, na mnunuzi hubaki ameshika kijisanduku chenye nyaya bila kujua kinapambana na nini. Kiswahili chake kizuri ni ukoko wa chokaa, na maneno yote mawili yana kazi.

Ukoko tunaujua kwenye sufuria ya wali: kile kinachoganda chini kwa sababu ya moto. Utando wa birika nao huletwa na moto. Maji hubeba kalsiamu iliyoyeyuka pamoja na bikabonati. Yakipata joto, hewa ukaa hutoka, na kalsiamu kabonati huganda pale penye joto kali zaidi, yaani juu ya koili. Kalsiamu kabonati ndiyo iliyomo kwenye mawe ya chokaa, matumbawe na makombe ya konokono. Ndiyo maana jina la chumvi halifai. Chumvi ya Uvinza ukiitia kwenye kikombe cha maji hupotea, na magadi vilevile. Banzua kipande cha ukoko ukiloweke, kesho utakikuta palepale. Kikamulie ndimu, kitatoa povu dogo na kuanza kuisha.

Hapo tusichanganye ukoko na ugumu wa maji. Maji magumu ni yale yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na dalili yake ya kwanza ni sabuni kukataa kutoa povu. Ukoko ni matokeo mojawapo tu ya ugumu huo, na kwa Ziwa Tanganyika tofauti hii ni kubwa kuliko vipeperushi vya biashara vinavyoonyesha.

Lita moja ya maji ya ziwa hili ina takriban miligramu 40 za magnesiamu, na kalsiamu kama miligramu 10 tu. Sehemu kubwa ya magnesiamu hiyo huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, nchi ya volkeno. Na kwa kuwa maji mengi zaidi huondoka kwa kufukizwa na jua kuliko yanayotoka kwa mto Lukuga, madini hubaki nyuma. Kalsiamu haibaki kwa wingi kwa sababu ziwa lenyewe huiweka chini: huganda juu ya mawe ya ufukweni, huingia kwenye makombe, na mahali pengine hujenga vichuguu vya mawe vilivyoanzishwa na vijidudu vya majini. Ukijumlisha, ugumu unakaribia miligramu 200 kwa lita ukihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Vipimo vingi huyaita maji ya namna hiyo magumu sana. Lakini zaidi ya robo tatu ya ugumu huo ni magnesiamu, ambayo haigandi kwenye birika kwa wepesi wa kalsiamu. Mkazi wa Katonga au Bangwe, mjini Kigoma, anayetumia maji ya ziwa ana tatizo la sabuni kuliko la ukoko. Visima vya Zanzibar, vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ni habari nyingine: huko kalsiamu ndiyo inayotawala.

Sasa vifaa. Madukani vyote huelezwa kwa kitenzi kimoja, kulainisha, na hapo mnunuzi hupotezwa.

Kilainisha maji, kwa haki ya jina hilo, ni tangi lenye punje za rezini zinazoshika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu badala yake. Kinafanya kazi, wala hakuna ubishi kati ya wakemia. Sabuni itatoa povu, hita haitaota ukoko. Gharama yake ni kwamba punje hizo lazima zisuuzwe kwa maji ya chumvi kila zinapojaa, na aliyekatazwa chumvi na daktari ni vizuri abakize bomba moja la kunywa lisilopitia humo.

Kizuia ukoko ni kitu kingine. Hakiondoi chochote majini. Kinadai kuyafanya madini yasinate. Humo mna sumaku za kufunga kwenye bomba, nyaya za umeme za kuzungushia, na vichungi vya fosfeti. Wazo hili ni kongwe kuliko meli ya Graf von Götzen, Liemba ya leo, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiendeshwa kwa mvuke. Ukoko ulikuwa adui wa kila boila, na Marekani ilikuwa imekwisha toa hataza ya kifaa cha umeme cha kuuzuia mwaka 1890. Ushahidi haujakua sambamba na umri. Wahandisi wa jeshi la Marekani walijaribu vifaa vitatu vya sumaku na umeme huko Rock Island, Illinois, na taarifa yao ya mwaka 2001 haikuona faida. Jaribio la Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mwaka 2011 lilikiona kifaa cha sumaku ya umeme kikipunguza ukoko kwa takriban nusu, na punje maalumu zinazootesha fuwele ndogo zikiupunguza kwa zaidi ya asilimia 90. Fosfeti husaidia kwenye maji baridi na ya uvuguvugu, lakini huvunjika maji yakichemka. Zaidi ya hayo, vifaa hivi vimelenga kalsiamu. Hakuna hata kimoja kitakachorudisha povu la sabuni kwa anayefua kwa maji ya Tanganyika.

Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, kwa hiyo anayekuuzia kwa kukutisha magonjwa mwache aende zake. Kwa birika la nyumbani Kigoma, siki au ndimu inatosha. Mwenye nyumba ya wageni yenye hita kubwa au mashine za kufulia anunue kilainisha cha rezini. Na yeyote anayeletewa sumaku amwulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa hela: kinaondoa madini, au kinazuia tu yasinate? Akijibu kinazuia, aonyeshe cheti cha kipimo, kama kile cha kanuni ya W 512 ya Ujerumani inayodai ukoko upungue kwa asilimia 80 au zaidi. Asipokuwa nacho, usinunue.