Shoka la Baluba na upanga wa Bunkeya

Kasomeno, Haut-Katanga – Tarehe 20 Desemba 1891, kule Bunkeya, Mwami Msiri wa Bayeke aliuawa kwa risasi na kapiteni Omer Bodson, wa msafara wa William Stairs. Kadiri ya masimulizi ya wazungu wa msafara huo, Msiri alikuwa na upanga, na alipoambiwa kwamba anakamatwa aliupelekea mkono. Upanga huo haukufuliwa Katanga. Ulikuwa zawadi ya Stairs mwenyewe.

Jambo hilo linashangaza, kwa sababu Katanga ni inchi ya mafundi wa chuma na shaba tangu zamani sana. Baluba walikuwa na visu na mikuki, lakini kitu kilichoonyesha ukubwa wa mtu kilikuwa shoka, lile wanaloita kibiki. Shoka la namna hiyo halikukata kuni hata siku moja. Mkubwa alilibeba begani, na watu wa chama cha Mbudye walicheza nalo mbele ya mfalme.

Mpini wake ni wa mbao, na mara nyingi kichwani umechongwa sura ya mwanamke, kwani kwa Baluba nguvu na siri za ufalme hutunzwa na wanawake. Bapa la chuma limechorwa mistari kwa patasi. Kuna mipini iliyozungushiwa waya wa shaba, na mingine imepigiliwa misumari midogo ya chuma.

Misumari hiyo ndiyo inayoonyesha umri wa kazi hii. Karibu na ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, wachimbuzi walifungua makaburi ya Sanga mwaka wa 1957 na 1958. Katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi katika bonde hilo. Mahali paitwapo Kamilamba, katika kaburi lenye umri wa zaidi ya miaka 1000, palionekana shoka lenye mpini wa misumari, na kando ya kichwa cha marehemu pamewekwa fuawe, chuma ambacho mhunzi anafulia juu yake. Mtu huyo alizikwa kama mkubwa kabla majina ya wafalme tunaowajua hayajatajwa.

Ndiyo maana masimulizi ya Baluba yanamsifu Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi Kiluwe, kuwa ndiye aliyeleta ufundi wa kufua chuma. Katika kutawazwa kwa mfalme kulikuwa na tendo la kupiga fuawe: mfalme alifuliwa kama chuma.

Sudani mambo yalikwenda njia nyingine. Upanga wao, kaskara, ni mnyoofu, una makali pande mbili na karibu mita moja ya urefu, lakini bapa nyingi zilitoka Ulaya, hasa Solingen, Ujerumani, na mafundi wa huko wakazitilia mpini na ala. Katika bonde la Upemba chuma kiliyeyushwa na kufuliwa na wenyeji, na shaba ilitoka kusini, katika machimbo ya Katanga hii hii, ikasafiri kwa umbo la misalaba.

Leo mtu anayetaka kuona mashoka mazuri ya Baluba anaelekezwa Tervuren, Ubelgiji. Yaliyobaki vijijini yako kwa machifu na wazee, na si mali ya mtu mmoja: yanapita kwa mrithi. Jamaa nyingi zilizokimbia vita upande wa Manono, Mitwaba na Pweto ziliondoka na watoto na masufuria tu. Vitu vya ukoo vilifukiwa chini au viliachwa ndani ya nyumba.

Mpini wa mbao hauvumilii mchwa wala mvua. Kule Kamilamba mbao ilikuwa imekwisha kabisa, na wachimbuzi walilitambua shoka kwa bapa lake na kwa misumari iliyobaki udongoni.