Unga Ulitoka Duka la Dawa

Uliza msee yeyote mtaani unga ulitoka wapi. Atakwambia meli, atakwambia bandari, atakutajia na mabaroni wa Pwani. Hakuna atakayekwambia heroini ilitoka maabara ya dawa, ikiwa na lebo safi na jina la kampuni kubwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Turudi Paderborn, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kijana anaitwa Friedrich Sertürner, ana miaka ishirini na kitu, hajasoma chuo kikuu, ni msaidizi tu kwenye duka la dawa. Kinachomsumbua ni afyuni. Kipimo kilekile kinamlaza huyu, yule hasikii kitu, wa tatu haamki kabisa. Akaitafuta ile kitu ndani ya afyuni inayofanya kazi, akaipata, akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Mofini. Baadaye akaijaribu kwa mwili wake na vijana wengine watatu, wakazidisha, ikabidi wanywe siki ndio watapike. Ujinga? Pengine. Lakini alikuwa anawaza kama mfamasia: dawa bila kipimo ni bahati nasibu.

Na mofini ni dawa poa kabisa, tuseme ukweli. Mgonjwa wa kansa anayelia usiku anaihitaji hadi leo. Shida ni kwamba mwili nao unapiga hesabu. Ubongo unatengeneza vitu vyake vya kutuliza maumivu, vinavyofanana na mofini kwa kazi. Ukiumwagia ya nje kila siku, unazoea, unapunguza usikivu, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Ukikata ghafla, unakutana na arosto: mifupa inauma, unaharisha, unatapika, usingizi umehama. Hapo mtu hatafuti raha tena. Anatafuta kuwa sawa tu, kama wewe ulivyo sasa hivi ukisoma hii.

Sasa sikia vile wataalamu walijaribu kulitatua. Mwaka 1853 daktari Alexander Wood wa Edinburgh alianza kutumia sindano kudunga dawa ya maumivu chini ya ngozi, na wengi wakaamini kwamba mofini isipopita tumboni haitaleta uraibu. Wapi. Mwaka 1884 Sigmund Freud akaisifia kokeini, akampa rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow aliyekuwa amenaswa na mofini. Jamaa akaishia na kokeini pia.

Halafu ikaja kubwa yao. Mwaka 1874, London, mkemia anaitwa Alder Wright alibadilisha mofini kidogo akapata kitu kipya, kisha kikalala. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akakitengeneza tena, siku chache tu baada ya kutengeneza aspirini. Ndiyo, aspirini hiyohiyo. Mwaka 1898 Bayer wakaanza kukiuza kama dawa ya kikohozi, jina Heroin, yaani yenye nguvu za kishujaa. Usiwacheke haraka. Enzi hizo kifua kikuu na nimonia zilikuwa zinamaliza watu, na dawa ya kutuliza kifua ilikuwa mali. Ila kuna madaktari waliowapa hata waraibu wa mofini, eti iwatoe huko! Bayer waliacha kuitengeneza 1913. Marekani wakaipiga marufuku 1924.

Kwetu Pwani, kufikia miaka ya 1980 unga ulikuwa ushaingia mitaani, na majina yakafuata. Teja. Mtu ana jina lake, ana mama yake Malindi au Kisauni, lakini tukishamwita teja tumemaliza naye.

Mwisho wa 2014 Kenya ilianza kutoa methadoni, Mathari kwanza, halafu Malindi. Hii nayo ilitoka Ujerumani, miaka ya 1930, kwenye maabara za IG Farben, muungano ambao Bayer walikuwa ndani yake. Najua mtasema ni kubadilisha dawa kwa dawa, na baada ya hadithi ya Freud siwezi kuwalaumu. Lakini angalia saa. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka, kwa hivyo mtu anaikimbiza mara kadhaa kwa siku. Methadoni inapanda polepole, inakaa zaidi ya saa 24. Unakunywa kikombe kimoja mbele ya mhudumu, unaenda kazini. Hakuna sindano, hakuna kuiba simu ya mathe.

Tena kuna jambo wafamasia wanalijua ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtu akitoka jela au rehabu baada ya miezi bila unga, mwili umesahau mazoea. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama.

Na ile sirapu ya kodini mnayochanganya na soda wikendi? Ikifika kwenye ini, sehemu yake inageuzwa kuwa mofini. Ni ileile ya Sertürner, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anapima.