Upinde na Umbali katika Nchi ya Ruvuma

Msafiri atokaye Songea kwenda Ziwa Nyasa hufika Kitai kabla hajaionja baridi ya Mbinga. Hapo njia hugawanyika: moja hupanda kwenda Mbinga na milima ya Umatengo, nyingine huelekea Lituhi, ukingoni mwa ziwa. Nyuma yake msafiri ameiacha nchi ya Uwangoni, nchi ya miombo na mabonde mapana ambamo kikosi cha watu huweza kwenda mwendo wa kasi bila kuvunja safu. Leo malori ya makaa ya mawe ya Ngaka hupita njia hizo yakinguruma, na mpita njia hana sababu ya kufikiri habari za silaha. Walakini mimi kila nikiitazama ramani ya mahali hapo huiona kama ramani ya vita, na swali linijialo ni hili: kwa nini upinde, silaha iliyoujua kila mji na kila pori la Afrika ya Mashariki, ulishindwa upande mmoja wa njia panda hiyo, na watu wasio na majeshi makubwa wakasalimika upande wa pili?

Jibu lililozoeleka ni jepesi mno. Husemwa ya kuwa Wangoni walikuwa mashujaa, na waliowavamia walikuwa waoga. Kwamba mkuki mfupi ni silaha ya mwanamume, na upinde ni silaha ya ajifichaye. Dharau hii si ya kwetu peke yetu. Wagiriki wa kale nao walimdharau mpiga upinde, kwa hoja kwamba huua bila kuonana uso kwa uso na adui wake. Lakini dharau si elimu, na mwanafunzi wa historia akiipokea atakuwa ameandika tena majigambo ya mshindi.

Nilipata kuona jambo hili likielezwa vizuri zaidi katika mchezo wa vijana kuliko katika vitabu vingi. Kuna mfululizo wa michezo ya vita ya Kijapani uitwao Fire Emblem, ulioanza mwaka 1990, ambao wanafunzi huucheza kwenye kompyuta na hata kwenye simu. Uwanja wake umegawanywa miraba kama ubao wa sataranji. Mwenye upinde humpiga adui aliye mraba wa pili, na kiumbe arukaye angani humwogopa kuliko silaha zote; lakini adui akishafika mraba wa jirani, kwa desturi ya mchezo huo mpiga upinde hana la kujibu. Waliotunga kanuni hiyo walitunga ngano za majoka na wafalme, lakini juu ya upinde walisema kweli tupu. Upinde ni silaha ya umbali, na umbali ukiondoka upinde hubaki kuwa kijiti.

Tuutazame basi upinde wenyewe. Mti umepindwa, ugwe umekazwa, wano limetiwa chembe ya chuma, na chembe imepakwa sumu. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa na mto Shire sumu iliyojulikana sana ilitoka katika mbegu za mmea utambaao ambao wataalamu huuita Strophanthus kombe. John Kirk, tabibu aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi kati ya 1858 na 1863, aliufahamu uwezo wake kwa ajali: mswaki wake uliguswa na sumu hiyo, na alipoutumia akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza, na ikawa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya. Kazi ya sumu hiyo ni kuukaza moyo hata usimame.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wa vita hulisahau. Sumu huhitaji muda. Mwindaji amfumaye kongoni hana haraka; mnyama hukimbia, naye humfuata kwa nyayo na matone ya damu mpaka amkute ameanguka. Sumu na umbali ni ndugu, maana mnyama aliyejeruhiwa humkimbia aliyemjeruhi. Lakini askari wa Kingoni hakukimbia kwenda mbali, alikimbia kuja. Mtu aliyekwisha kufa kwa hesabu ya mganga alikuwa bado na dakika kadhaa za kuutumia mkuki wake.

Na tufanye hesabu kidogo, ingawa najua wapenzi wa mashairi huchoka na hesabu. Upinde wa kawaida wa mwindaji humfikia mtu kwa uhakika katika hatua hamsini hivi. Kijana mwenye nguvu huzimaliza hatua hizo kwa sekunde kumi mahali pa tambarare. Katika sekunde kumi mpiga upinde hodari atafuma mishale miwili, pengine mitatu, na mbele ya kila askari pana ngao ya ngozi ya ng'ombe. Zaidi ya hayo, mikono yake yote miwili imeshikwa na upinde, hana wa tatu wa kushika ngao. Mpe basi maadui mia wanaokuja kwa safu, alfajiri, wakati watu wa kijiji hawajaamka, uone kama ushujaa wake utamfaa.

Huo ndio ujuzi ambao Wangoni walikuja nao kutoka kusini. Zwangendaba alivuka Zambezi na watu wake mwezi wa Novemba 1835, siku ambayo wasimulizi huikumbuka kwa kupatwa kwa jua. Alipofariki katika nchi ya Ufipa mnamo miaka ya 1840, watu wake waligawanyika, na baadhi yao wakashuka upande wa mashariki wa ziwa mpaka Songea. Walikuta Wangoni wengine wamewatangulia, wale wa Maseko chini ya Mputa. Ukazuka ugomvi wa wao kwa wao, na katika miaka ya 1860 Wamaseko wakatolewa na kuvuka Ruvuma. Waliobaki wakasimamisha falme mbili, Mshope upande wa kaskazini na Njelu upande wa kusini. Silaha yao kubwa haikuwa mkuki mfupi wala ngao, bali kikosi. Vijana wa rika moja walifundishwa kuenda pamoja, kusimama pamoja na kuufuta umbali kwa pamoja. Mpiga upinde wa vijiji vya Ruvuma alikuwa mwindaji aliyezoea kwenda peke yake au na wenzake wawili watatu; alikuwa na ustadi usio na jeshi.

Vikosi hivi vilijazwa kwa haraka na vijana waliotekwa. Mtoto wa mpiga upinde aliingia kikosini, akapewa mkuki na ngao, akasahau podo la baba yake. Hivyo upinde haukushindwa uwanjani tu, ulinyang'anywa warithi.

Lakini panda sasa njia ya Mbinga. Milima ya Umatengo ina miinuko mikali, na mahali pengi hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Zile sekunde kumi za tambarare huwa dakika nzima juu ya mteremko. Mkimbiaji hugeuka mtu apandaye kwa magoti, ngao humwelemea, safu huvunjika penye mwamba. Huku ndiko walikojikusanya Wamatengo, na mapango ya Litembo yanakumbukwa mpaka leo kwa kuwasitiri. Hata kilimo chao cha ngoro, yale mashimo yapangwayo ubavuni mwa mlima ili maji yasichukue udongo, wengi hukieleza kuwa ni kilimo cha watu waliosongamana mahali pa kujikinga.

Ni haki kukiri kwamba mapokeo ya Umatengo husifu mawe kuliko mishale: mawe makubwa yaliyosukumwa kutoka juu yakawaangukia wavamizi. Mtu aweza kusema basi kwamba upinde hauna sehemu katika habari hii. Mimi naona kinyume. Jiwe liviringishwalo ni silaha ya umbali kama mshale, na mlima ndio upinde wake. Ukingoni mwa ziwa watu walitafuta umbali huo huo kwa njia nyingine. Wazungu waliolizunguka Ziwa Nyasa kwa meli ya Ilala mwaka 1875 waliona katika ufuko wa mashariki, upande wa kaskazini, nyumba zilizojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Maji ya kiuno yalimzuia mbebaji ngao kama mteremko ulivyomzuia mwenziwe wa Litembo.

Waingereza wa karne ya 15 waliijua siri hiyo. Huko Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, wapiga upinde wao walisimamisha miti iliyochongwa mbele yao, na shamba lililolimwa likiwa na tope la mvua likawachosha mashujaa wa Ufaransa waliovaa chuma. Tope lile lilikuwa Litembo yao. Nasi watu wa pwani tunayo hadithi ya Fumo Liongo, ambaye baada ya kuchomwa na mwanawe alikwenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale katika upinde, akafa hivyo. Na watu wa mji kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji. Sijui ngano ielezayo maana ya upinde vizuri kuliko hiyo: mtu amekwisha kufa, na umbali wake bado unalindwa.

Kisha wakaja Wajerumani, waliojenga boma Songea mwaka 1897, na silaha yao ilikuwa umbali mtupu. Wangoni walipoingia katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, walikuwa ni wale wale mabingwa wa kuufuta uwanja kwa miguu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Kapteni Nigmann aliwashambulia Namabengo kwa bunduki na bombomu. Hatua hamsini zilikuwa zimekuwa mamia ya hatua, na hapakuwa na kijana wa kuzimaliza akiwa hai. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wapiganaji 67 walinyongwa Songea, na Nduna Songea Mbano akanyongwa baada yao kwa siku chache. Nasoma habari hizo kwa uchungu, wala siwezi kuwacheka wale walioonja katika saa moja yale waliyowaonjesha wenye pinde kwa miaka arobaini.

Upinde wenyewe ulikwisha kwa kalamu. Amri ya mwaka 1896 ya Gavana von Wissmann ilianza kuufanya uwindaji uwe jambo la hati na ada, na sheria zilizofuata ziliendelea hivyo, mpaka Sheria ya Wanyamapori ya 1974 ilipokataza silaha yenye sumu. Mwindaji akawa jangili.

Lugha, hata hivyo, haikufuata mkuki. Kinguni kilichotoka kusini kimetoweka Songea, isipokuwa maneno machache na majina ya koo. Kingoni kisemwacho huko leo ni lugha ya wale waliotekwa, na wataalamu wa lugha za Kibantu hukiweka katika kundi moja na Kimatengo na Kimanda. Pale Kitai, Mngoni atokaye Songea na Mmatengo ashukaye Mbinga hukutana sokoni, na kila mmoja akisema kwao, mwenziwe huweza kukamata maneno mengi.