Mavazi ya asili ya Wamarathi: sari ya yadi tisa, kilemba na makubadhi ya Kolhapur

Hapa kwetu mwanamke wa Kihindi akipita na sari tunasema "kavaa Kihindi" halafu basi, tumemaliza. Sasa India ina watu zaidi ya bilioni moja na lugha kibao, na kila jamii ina namna yake ya kufunga kitambaa kile kile. Leo tuwaangalie Wamarathi, maana kwao nguo siyo pambo tu. Kwa muda mrefu ilikuwa kama kitambulisho: ukimtazama mtu kuanzia kichwani hadi miguuni unajua anafanya kazi gani, kama ameolewa au amefiwa na mume, na amezaliwa katika tabaka gani. Na watu wameshagombana kwa ajili hiyo, tena siyo zamani sana.

WAMARATHI NI KINA NANI

Ni wenyeji wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, lililoundwa rasmi tarehe 1 Mei 1960. Mji mkuu wake ni Mumbai, ambao wazee wetu wanaujua kwa jina la Bombay, bandari iliyofanya sana biashara ya nguo na Zanzibar. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 112 Maharashtra, na wenye Kimarathi kama lugha ya kwanza India nzima walikuwa milioni 83. Wahindi wengi tuliowazoea Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, jimbo jirani kwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo sari tunazoziona mitaani kwetu mara nyingi siyo za namna hii nitakayoieleza.

SARI YA YADI TISA

Vazi la mwanamke wa Kimarathi linaitwa nauvari, yaani "ya yadi tisa". Kwa vipimo vyetu ni kama mita 8.2. Sari ya kawaida ina mita 5 na ushee. Kwa akina mama wanaopima kwa kanga, nauvari moja inakaribia doti tatu!

Kitambaa chote hicho kinakwenda wapi? Hapo ndo kuna utamu wake. Sari nyingine inaning'inia chini kama sketi na ndani yake kuna gagulo. Nauvari haihitaji gagulo. Mwanamke anaizungusha kiunoni na kufunga fundo, anapanga marinda kwa mbele, halafu kitambaa cha katikati anakipitisha baina ya miguu na kukichomeka kiunoni kwa nyuma. Huko kuchomeka kwa nyuma kunaitwa kashta. Ncha iliyobaki, inayoitwa padar, inapita kifuani na kutupwa juu ya bega la kushoto. Ukimwangalia vizuri unaona ni kama kavaa suruali pana.

Hiyo siyo mbwembwe. Ni vazi la kazi. Ukivaa hivyo unaweza kuinama shambani, kupanda ngazi, kubeba mzigo, hata kupanda farasi. Rani Lakshmibai wa Jhansi, malkia aliyezaliwa katika familia ya Kimarathi na kufa vitani mwaka 1858 akipigana na Waingereza, sanamu zake nyingi zinamwonyesha juu ya farasi sari ikiwa imechomekwa namna hii, mtoto mgongoni.

Ufungaji wenyewe unatofautiana. Wanawake wa familia za Kibrahmani, yaani tabaka la makuhani na wasomi, waliishusha hadi kwenye vifundo vya miguu. Wakulima waliipandisha juu zaidi ili isishike tope. Wakoli, ambao ni wavuvi wa asili wa pwani ya Mumbai, wanaifunga fupi na ya kubana, kwa rangi kali, maana muuza samaki hawezi kuburuza nguo kwenye maji ya sokoni. Wacheza ngoma ya lavani nao wanavaa nauvari, na miguuni wanafunga njuga nyingi zinazofuata mdundo.

Juu kunavaliwa blauzi fupi inayoitwa choli. Zile za asili zilishonwa kwa kitambaa kinachoitwa khan, chenye pindo na maua madogo madogo. Wanawake wengi walikuwa wakiifunga kwa fundo mbele badala ya vifungo.

PAITHANI, SARI YA HARUSI

Kama una hela, sari ya kuolewa nayo ni Paithani. Jina limetokana na mji wa Paithan, kando ya mto Godavari. Ni hariri iliyofumwa kwa mkono pamoja na zari, uzi ule wa rangi ya dhahabu au fedha. Katika karne ya 18 watawala wa Kimarathi walioitwa Peshwa, makao yao yakiwa Pune, walizipenda sana. Siku hizi wafumaji wengi wako mji wa Yeola, wilaya ya Nashik.

Ukitaka kuielewa tumia maneno ya kanga: angalia pindo na ile ncha ya padar. Humo ndimo kuna picha. Tausi ndo mfalme, halafu kuna kasuku, maua ya yungiyungi na matawi yanayotambaa. Picha haikuchapwa wala kutariziwa juu, imefumwa humo humo, uzi mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana sari moja inachukua wiki kadhaa, na zile nzito zinaweza kula hata mwaka mzima.

Mwaka 2010 jina Paithani lilisajiliwa India kama jina la bidhaa ya mahali maalumu. Maana yake, kisheria kitambaa cha sehemu nyingine hakiruhusiwi kujiita Paithani. Lakini feki zipo nyingi, zinatoka kwenye mashine kwa siku chache. Namna ya kuzijua: geuza upande wa ndani. Ya mkono picha inaonekana safi pande zote mbili. Ya mashine kwa nyuma ina nyuzi zinazoning'inia ovyo. Anayeumia ni mfumaji aliyekaa miezi kwenye mtambo wake, akashindanishwa bei na mashine.

Na kuhusu rangi: bibi harusi anapenda kijani, na sari ya njano nayo ni ya harusi. Nyeusi inaepukwa kwenye sherehe, isipokuwa sikukuu ya Makar Sankranti, katikati ya Januari. Siku hiyo sari nyeusi ndo yenyewe. Maelezo wanayotoa ni kwamba huo ni msimu wa baridi, na nyeusi inashika joto.

VITO NA ALAMA ZA MWILINI

Kuna nath, pete kubwa ya pua yenye lulu, inayokaa upande wa kushoto. Wenzetu wa pwani wanaovaa kipini wataielewa haraka, ila hii ni kubwa na imepinda kama korosho. Kuna thushi, mkufu wa punje za dhahabu unaobana shingo. Nywele zinafungwa kishungi nyuma na kuzungushiwa asumini. Kwenye harusi bibi na bwana wote wawili wanafungwa nyuzi za lulu kwenye paji la uso, zinaitwa mundavalya.

Halafu kuna vitu vinavyosema "huyu ana mume": mangalsutra (mkufu wa shanga nyeusi wenye vikombe viwili vidogo vya dhahabu), bangili za kijani za kioo, pete za vidole vya miguu na alama nyekundu ya kumkum kwenye paji la uso. Vikumbukeni hivi, tutavirudia.

WANAUME

Mwanaume wa asili anavaa dhotar, kitambaa cheupe cha kama mita 4 na nusu, nacho kinapita baina ya miguu na kuchomekwa nyuma. Kwa Kihindi kinaitwa dhoti, na ndiko lilikotoka neno letu "doti" la kanga. Juu anavaa shati refu lisilobana na pengine kizibao.

Kichwani ndo kuna mambo. Pheta ni kilemba cha kitambaa kirefu kinachozungushwa upya kila kikivaliwa, na kile cha Kolhapur kinasifika kwa rangi. Pagadi ya Pune ni kilemba kilichokwisha kuundwa, kigumu, unakivaa kama kofia. Kinahusishwa na wasomi wa karne ya 19 kama jaji Mahadev Govind Ranade na mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak, na kilipata ulinzi wa jina mwaka 2009. Wakulima na wabeba vyakula wa Mumbai wale maarufu wana kofia nyeupe ya Gandhi. Hiyo hiyo utaiona kwa mahujaji wanaotembea kwa mguu zaidi ya kilomita 200 kwenda Pandharpur kila Juni au Julai, wanaume wakiwa weupe watupu na wanawake na nauvari zao.

Miguuni ni makubadhi ya Kolhapur, ngozi ya nyati wa kufugwa iliyolainishwa kwa magome ya miti na kushonwa kwa kamba za ngozi, bila msumari. Jina lililindwa mwaka 2019 kwa wilaya nane, nne za Maharashtra na nne za jimbo jirani la Karnataka. Juni 2025 kampuni ya Italia, Prada, ilipandisha viatu vinavyofanana kabisa na hivyo kwenye maonyesho yake ya Milan bila kutaja vilikotoka. Kelele zilivyokuwa kubwa India, kampuni ikakiri kwamba chanzo ni ufundi wa huko. Desemba 2025 yakasainiwa makubaliano ya kutengeneza pea 2,000 na mafundi wa Maharashtra na Karnataka, bei ikiwa karibu euro 800 kwa pea.

NGUO ILIPOKUWA KESI

Sasa tuje kwenye lile la kitambulisho. Mafundi wa hayo makubadhi kwa asili ni watu wa tabaka la chini, waliokuwa wakiitwa "wasioguswa" kwa sababu ya kushika ngozi. Kiatu chao kinaingia hekalu la mitindo Ulaya, lakini babu zao hawakuruhusiwa hata kuchota maji kwenye kisima cha wengine.

Desemba 1927, katika mji wa Mahad, Dk. B. R. Ambedkar, aliyekuja kuongoza uandishi wa katiba ya India, aliwahutubia wanawake wa matabaka hayo. Aliwaambia sari zao za kupandishwa juu na vito vyao vizito vya bei rahisi ndivyo vinavyowatambulisha kuwa ni wasioguswa. Akawataka waishushe sari kama wanawake wa matabaka ya juu. Wakaifunga hivyo hapo hapo Mahad. Kitambaa hakikuongezeka hata inchi, kilichobadilika ni mahali pindo linapofika. Sisi tusishangae: Zanzibar nako baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897, wanawake walioachiwa huru waliachana na kaniki, kitambaa cha kitumwa kilichotoka India, wakahamia kwenye kanga.

La pili ni wajane. Kwa mila, mume akifa mwanamke anavunjwa bangili, anafutwa kumkum, anavuliwa mangalsutra na pete za vidole. Kwa Wabrahmani wa zamani alinyolewa nywele na kuvishwa sari nyekundu isiyo na pambo maisha yake yote. Mei 2022 kijiji cha Herwad, wilaya ya Kolhapur, kilipitisha azimio la kuachana na mambo hayo, na mwezi huo huo serikali ya jimbo ikavitaka vijiji vingine viige.

La tatu ni vilemba. Juni 2018 mwanasiasa mkongwe Sharad Pawar aliwaambia wanachama wake mjini Pune wasitumie tena pagadi ya Pune kwenye mikutano, watumie ile ya Jyotirao Phule, mwanamageuzi wa karne ya 19 aliyetetea matabaka ya chini na elimu kwa wasichana. Kwa mgeni ni vilemba viwili tu. Kwa wenyeji, cha kwanza kinanuka Ubrahmani na cha pili ni cha wanyonge.

LEO VINAVALIWA LINI

Mijini watu wengi wanavaa suruali, sari fupi ya kawaida au gauni na suruali ya Kipunjabi. Nauvari ya kila siku utaikuta kwa bibi wa kijijini na wauza samaki. Vijana wanaitoa kwenye harusi, na wasiojua kufunga wananunua iliyokwisha kushonwa, unaingia kama suruali. Siku kubwa ni Gudi Padwa, mwaka mpya wa Wamarathi, Machi au Aprili. Mtaa wa Girgaon, Mumbai, wasichana wanapita kwenye maandamano wakiendesha pikipiki, nauvari mwilini, pheta kichwani, nath puani. Yaani vazi la shambani limerudi barabarani, na kile kilemba cha wanaume nacho wamekichukua!

Nina moja la kuwauliza wadau. Kwenye kabila lako kuna nguo au namna ya kufunga nguo iliyokuwa inamtenga mtu, mjane, mtumwa au maskini? Na je, ilikufa au ipo bado? Uwanja wa maoni ni wenu, ila matusi hapana.