Saa yenye vitufe: Kwa nini usiibonyeze ukiwa chini ya maji

Boti za kwenda kisiwa cha Chumbe zimekuwa zikiondokea pwani ya Mbweni, kusini kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wageni wanapanda na maski zao na mapezi, na mkononi hukosi kuona saa moja mbili kubwa, nzito, zenye vitufe pembeni na maandishi ya kutia moyo: 30M, 50M, 100M.

Saa hizo ni kronografu. Ni saa ya kawaida iliyoongezewa kipima muda. Kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha sifuri. Zinapendwa kwa sababu zina sura ya kibabe, na nyingi zinafika Unguja kama zawadi kutoka Dubai au Muscat.

Tatizo linaanza pale mwenye saa anapoamini kwamba kipima muda kimewekwa ili akitumie chini ya maji.

Matundu matatu badala ya moja

Saa ya kawaida ina tundu moja pembeni, la kile kifundo cha kurekebishia majira. Kronografu ina matatu, kwa sababu kila kitufe kinapita kwenye tundu lake. Kinachozuia maji hapo ni pete ndogo za mpira, nyembamba kama uzi.

Ukibonyeza, kitufe kinateleza ndani na pete inasuguliwa. Nchi kavu hakuna neno. Ila ukishuka mita 10 tu, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na mita 20 ni mara tatu. Maji yanatafuta upenyo, na wewe ndio umeyafungulia mlango. Imekula kwako.

Ndiyo maana Casio na Seiko, kwenye vitabu vya maelekezo vya saa zao nyingi, wanaonya kwamba vitufe visiguswe saa ikiwa ndani ya maji. Tatizo ni kwamba kile kitabu hakisomwi.

Zipo zinazoruhusu. Omega Seamaster Diver 300M ya kronografu imetengenezwa vitufe vyake vifanye kazi kule kule chini. Lakini hiyo ni saa ya mamilioni ya shilingi. Rolex Daytona nayo ni ghali na inahimili mita 100, ila vitufe vyake vinafungwa kwa kusokotwa na vinatakiwa vibaki vimefungwa majini. Ile ilibuniwa kwa ajili ya mbio za magari.

'30M' si ruhusa ya kushuka mita 30

Namba hiyo inatokana na kipimo cha mgandamizo, saa ikiwa mpya na imetulia, hakuna anayepiga mbizi nayo. Kwa matumizi ya kila siku, 30M maana yake ni kunawa mikono na mvua ya masika. 50M unaweza kuogelea kidogo. 100M inatosha kuelea na mrija wa kupumulia, kama wanavyofanya wageni wa Chumbe, ambako watalii hawaruhusiwi kuzamia na mitungi.

Saa ya kuzamia hasa huandikwa 'DIVER'S', kwa kawaida na 200M au zaidi. Kiwango cha kimataifa cha saa hizo, ISO 6425, kinataka kila saa ipimwe moja moja, kwa mgandamizo unaozidi ulioandikwa kwa asilimia 25. Saa za kawaida hupimwa chache tu kwa niaba ya wenzake.

Dakika zenyewe zina uzito gani?

Kwa mzamiaji (wa mtungi, si yule wa kujificha kwenye meli) dakika ni afya. Anapopumua hewa ya mtungi akiwa chini, naitrojeni inaingia mwilini taratibu. Akikaa sana kisha akapanda, inageuka mapovu kwenye damu na viungo. Maumivu ni makali, na mtu anaweza kupooza au kufa.

Jedwali la PADI linalotumiwa na wazamiaji wengi linatoa dakika 56 kwa mita 18. Kwa mita 30 ni dakika 20 tu. Kwenye mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu iliyozama karibu na Mji Mkongwe mkesha wa mwaka mpya 1902, kina ni kama mita 12, kwa hiyo hewa ya mtungi kwa kawaida itakuishia kabla ya muda wa jedwali. Ukihamia kwenye miamba yenye kina kirefu zaidi, hesabu inabana haraka.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya kuzamia. Saa ni akiba, kompyuta ikizima. Akiba iliyojaa maji haina faida.

Tumia pete, acha vitufe

Saa nyingi za kuzamia zina pete ya kuzungusha kandokando ya kioo, yenye namba mpaka 60. Kabla ya kushuka, zungusha alama ya pembetatu mpaka ielekeane na mshale wa dakika. Baada ya hapo mshale wenyewe unakuonyesha dakika zilizopita. Haijalishi unasoma saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Na pete haijatoboa chochote.

Pete hiyo inazunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwenye jiwe, itakuonyesha umekaa muda mrefu kuliko ukweli, utapanda mapema. Kosa la upande huo halina madhara.

Je, unaweza kuanzisha kipima muda ukiwa bado kwenye boti? Ndiyo. Anzisha mkono ukiwa mkavu, sokota vitufe kama ni vya kusokota, kisha ingia. Ila angalia: baadhi ya kronografu huhesabu dakika 30 na kuanza upya kwenye kiduara kidogo, hivyo dakika ya 45 inasomeka 15. Kwenye giza la maji, kiduara chenyewe hukioni vizuri.

Kishawishi kikubwa kinakuja mwishoni, mzamiaji anaposimama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Hapo wengi wanabonyeza. Mita 5 bado ni maji yenye mgandamizo. Fuata mshale wa dakika, inatosha. Ukiona ule mshale mrefu wa sekunde umesimama, usishtuke. Kwenye kronografu nyingi huo ni wa kipima muda, na sekunde za kawaida ziko kwenye kiduara.

Ukitoka baharini

Suuza saa kwa maji ya bomba, vitufe vikiwa bado havijaguswa, maana chumvi ikikauka inakwangua ile mipira. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usiianike juani. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, chumvi haisubiri kesho.

Na ukibadilisha betri, muulize fundi kama ana mashine ya kupima mgandamizo. Kama hana, saa hiyo ivalie barazani mpaka utakapompata mwenye nayo, hata kama nyuma imeandikwa 200M.