Nani Aweke Kipimo cha Nyumba Bora?

Ndugu wanachama, katika kuadhimisha mwaka wa 10 wa Chama chetu Kikuu, twaona yafaa tutazame habari ya mbali inayotuhusu. Mavuno yakiwa mema, sisi hujenga nyumba, na vyama vyetu vya msingi hujenga maghala. Je, kipimo cha jengo bora kiwekwe na nani: aliye karibu, au aliye makao makuu? Uingereza, nchi ambayo wanaushirika wa Rochdale walifungua duka lao mwaka 1844, imeshindana juu ya swali hilo kwa miaka mingi.

Mwaka 2003 halmashauri ya Merton, kusini mwa London, iliagiza kwamba kila jengo jipya lisilo la makazi, lenye kupita meta 1,000 za mraba, lijipatie asilimia 10 ya nishati yake kutokana na jua, upepo na mfano wa hayo. Halmashauri nyingine zikafuata, zikaupeleka utaratibu huo hata kwenye nyumba za kuishi. Mwaka 2008 Bunge likazipa halmashauri za England na Wales haki ya kudai nyumba zisizopoteza nishati, kupita kanuni za nchi nzima.

Ndipo wajenzi wakalalamika: kila wilaya ikiwa na kipimo chake, gharama hupanda na nyumba hupungua. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mwaka 2015 Serikali iliifuta ahadi yake ya mwaka 2006, kwamba tangu 2016 nyumba zote mpya za England zisiongeze hewa ya kaboni. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha kifungu cha kuzipunguzia halmashauri haki ile. Lakini kifungu hicho hakikuanza kutumika, na Januari 2021 Serikali ikatangaza kwamba haki ingebaki.

Januari 2023 halmashauri ya Bath and North East Somerset ikaitumia haki hiyo: nyumba mpya isihitaji zaidi ya kilowati-saa 30 za kuipasha joto kwa kila meta ya mraba kwa mwaka, matumizi yote yasizidi 40, na umeme wa jua uyafidie. Desemba 2023 Serikali ikaonya tena kwamba asiyetoa hoja madhubuti asipite kanuni za nchi.

Sisi twajifunza nini? Nyumba hudumu kuliko Serikali iliyoruhusu ijengwe, na hasara ya ukuta mbaya humwangukia akaaye ndani. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini vipimo mia visivyolingana humchosha fundi na kumtia gharama mwenye nyumba.

Basi, tujengapo maghala ya miaka 10 ijayo, Chama Kikuu na kiweke kipimo kimoja cha chini, kilicho wazi kwa wote. Na kila chama cha msingi kiwe na haki ya kukizidisha, mradi kionyeshe hesabu yake mbele ya mkutano wa wanachama.