Mwarobaini, Mikroglia na Dai la Utulivu

Makala nyingi za famakolojia ya mitishamba siku hizi hufungwa kwa hitimisho moja: dondoo la mmea fulani limepunguza mchochota wa mikroglia, kwa hiyo mmea huo unaweza kuukinga ubongo. Msomaji wa Kisumu hawezi kulipita dai hilo hivi hivi. Utafiti wa Viashiria vya Malaria nchini Kenya wa mwaka 2020 ulikuta maambukizi ya asilimia 19 kwa watoto wa ukanda wa ziwa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Na sokoni Kibuye dawa za miti hazikosekani. Mama anayechemsha majani ya mwarobaini, dwele kwa Kijaluo, hadi maji yageuke rangi ya majani makavu na uchungu wake umkunje mtoto uso, anatibu homa. Habari ya mikroglia hakuisema yeye. Tumemsemea sisi watafiti.

Kwamba mikroglia ni seli za kinga za ubongo, jambo hilo halina mjadala. Pío del Río Hortega alizitambua mwaka 1919. Kwamba kurkumini ya manjano huzituliza seli hizo maabarani, nalo halina ubishi. Ninachobishia ni hatua ya kutoka kwenye sahani ya maabara hadi kitandani kwa mtoto. Seli zinazotumika mara nyingi ni BV-2, za panya, zilizobadilishwa mwaka 1990 ili zigawanyike bila kikomo. Huchokozwa kwa lipopolisakaridi, sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hana sumu hiyo. Tena katika malaria ya ubongo kimelea hubaki ndani ya mishipa: chembe nyekundu zilizoambukizwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, na mikroglia hupata habari za vita hivyo kutoka ng'ambo ya ukuta. Kurkumini nayo hufyonzwa kidogo sana tumboni, na ini huigeuza upesi.

Lakini hata tukijalia kwamba dawa imefika, je, kutuliza ndiko kuponya? Swali hili lilikwisha kuulizwa kwa watoto wenyewe. Nchini Gambia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996, watoto 610 wenye malaria ya ubongo walipewa ama kingamwili ya kuzuia TNF, sitokaini ile ile ambayo makala zetu hushangilia ikishuka, ama dawa bandia. Vifo vilikuwa asilimia 19.9 kwa waliopata kingamwili na 20.8 kwa wenzao, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Walionusurika ndio wanaonisumbua: waliobaki na ulemavu wa neva walikuwa asilimia 6.8 katika kundi la kingamwili, na 2.2 katika kundi la dawa bandia. TNF ilizuiwa, na ubongo ukaumia zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1982, jaribio la Thailand lilionyesha kwamba deksamethasoni, mtulizaji mkubwa wa mchochota, iliwarefushia wagonjwa koma.

Nitajibiwa kwamba mmea una viambato vingi, vinavyofanya kazi kwa upole kuliko kingamwili moja. Huenda. Ila upole usiopimwa ndani ya damu ya mnywaji hauna hadhi ya ushahidi.

Tuna mfano wa dawa ya mmea iliyookoa watoto kweli. Artesuneti, yenye asili katika pakanga ya Uchina, ilishusha vifo vya malaria kali kutoka asilimia 10.9 chini ya kwinini hadi 8.5, kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, katika matokeo ya mwaka 2010. Nayo huzituliza mikroglia katika sahani. Lakini sifa ya kuokoa maisha naipa kasi yake ya kuua vimelea.

Siaya, katika ukanda huu huu wa ziwa, inaongeza fumbo. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya wilaya huko wameeleza kwa miaka mingi kwamba sura kuu ya malaria kali pale ni upungufu mkali wa damu. Malaria ya ubongo ni nadra. Anayetafuta dawa kwa ajili ya mtoto wa Siaya angeanzia kwenye uboho.

Mlango mmoja nauacha wazi. Kule Kampala, takriban robo ya watoto waliopona malaria ya ubongo walikutwa na kasoro za akili miaka miwili baadaye. Pengine mikroglia huendelea kuwaka vimelea vikiwa vimekwisha, na hapo mtulizaji angekuwa na kazi. Wenzangu wenye maabara ukanda huu, pimeni kwanza damu ya mtu mzima mwenye afya aliyekunywa kikombe cha dwele: ni kiambato kipi kimeingia, na kwa kiasi gani. Na hadi majibu yapatikane, mtoto mwenye homa na degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.